Samaki wa Mama

Nyumba mpya ilikuwa haijaunganishwa umeme, na pampu ya hewa ya tangi la samaki ilikaa kimya. Samaki wa marehemu mama walitweta juu ya maji. Salha, mgongo ukimuuma kwa kuhamisha vyombo tangu asubuhi, alichota maji ya tangi kwa kikombe, akayamimina kutoka juu ili yaingie hewa, akachota tena.

"Dada, pumzika. Nitakununulia wengine," alisema mdogo wake, Shaibu, aliyejilaza juu ya magodoro.

"Wengine hawamjui mama."

Shaibu aliinuka. Kisha akajikokota hadi kwenye tangi, akampokea kikombe.

"Sogea. Unamimina kama muuza chai."

Salha aliegemea ukuta. Maji yalianguka, yakatoa mapovu. Samaki mmoja aliacha kutweta, akageuka, akateremka taratibu kuelekea kwenye majani ya chini ya tangi.