Ncha ya Pili

"Hii mkebe unafungua ama nifungue mimi?" aliuliza Aguti, afisa wa forodha pale Busia, huku leso iliyouzunguka ikiwa tayari mezani.

"Ukifunguliwa, umekufa," Nerima alijibu. "Kuna waya ndani, mwembamba kuliko unywele mara elfu. Hewa na joto vikiugusa, basi. Ni kazi ya Oriokot."

Aguti akainua macho. Nani kwao kijijini Amukura asiyemjua Oriokot? Wiki tatu zilizopita alisimama juani kwenye mazishi yake, akamsikia mwalimu mkuu akitangaza kwamba maabara mpya ya shule itaitwa kwa jina la marehemu. Mtoto wa mchunga ng'ombe, na alikuwa amepata kitu ambacho mataifa makubwa yanakitafuta bado.

"Pole, dada. Sikukutambua."

"Asante."

Tangu mazishi Nerima alikuwa amekufa ganzi. Hata chai aliinywa bila kujua kama ina sukari. Alilojali ni moja tu, jina la mume wake lisiguswe.

Akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Waya huo ukigandishwa sana hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Ukiingia katika hali ambayo wanafizikia huiita ya kitopolojia, hutoa alama kwenye ncha zake zote mbili kwa pamoja. Alama ya ncha moja si kitu, ni uchafu unaodanganya. Oriokot alichapisha grafu za ncha zote mbili, na sasa maabara moja Nairobi ilitaka kuupima upya ndipo iamini.

"Si ungekuja na barua ya chuo?"

"Nimeisahau Kampala."

Aguti akashusha pumzi. "Kuna mtu alipiga simu asubuhi. Amesema ni dawa za kulevya, mkebe iko na kibandiko ya bluu, imefungwa na leso. Bosi ashaandika kwa kitabu. Ingekuwa ni mimi ningekuachilia, lakini sheria ni msumeno."

"Fanya kazi yako."

Mkebe ulipumua kidogo ulipofunguliwa. Ndani mlikuwa na kipande cheusi kilichobeba waya ule, kinachotoshana na ukucha wa mtoto, basi. Aguti ndiye aliyelia. Nerima alitia sahihi, akakunja leso yake, akatoka.

Nyuma ya hoteli ya chai aliiandikia maabara ya Nairobi yaliyotokea, akasoma jibu lao: "Tunasikitika. Bila waya hatuwezi kupima. Matokeo ya marehemu yatabaki yalivyochapishwa." Akalisoma mara mbili.

Kisha akaingia chooni, akachomoa kwenye simu yake kadi ya laini aliyoinunua asubuhi hiyo upande wa Uganda, akaidondosha shimoni. Ilikuwa imepiga simu moja tu. Ncha ya pili ya waya ule alikuwa ameipima kwa mkono wake, maabarani kwa mumewe, mara arobaini, na haikuwahi kutoa alama yoyote.