Foleni ya Vyeti vya Vifo

Mjane alipanga foleni na amri ya mahakama mkononi. Mumewe alipotea miaka mingi, na leo angepewa cheti chake cha kifo.

Mbele yake alisimama mwanamume mwenye kovu kisogoni. Kovu kama hilo alimtia mumewe yeye mwenyewe, akimnyoa kwa wembe butu.

“Duniani wawili wawili,” alijituliza.

Karani aligonga muhuri kwenye cheti cha mwanamume huyo, kisha, kama kawaida yake, akasoma jina la marehemu kwa sauti ili lihakikiwe.

Lilikuwa jina la mjane, la baba yake na la babu yake.

“Ndilo hilo,” mwanamume alisema. “Mke wangu, Mungu amrehemu.”

Sauti ilikuwa ileile.

“Pole, kaka. Anayefuata! Mama, na wewe umefiwa na nani?”

Kidole cha mjane kikaligusa kovu.

“Na huyu.”