Chiriku Aliyejibu Kabla ya Kuruka

Twiga huona mbali, lakini husema kwa kutikisa shingo. Mama Fuko haoni kitu, na hasikii mpaka mtu agonge ardhi. Kwa hiyo wanyama walimweka Chiriku katikati yao. Aliisoma shingo ya Twiga, akaruka hadi shimoni, akayagonga maneno yale yale kwa mdomo wake.

Chiriku alipenda kusifiwa kwa wepesi wake. Basi kabla hata hajaruka, alikuwa ameshajibu, "Ujumbe umefika, mzee."

Siku moja Twiga aliona mto umevunja kingo.

"Mwambie Mama Fuko atoe watoto. Maji yanakuja."

"Umefika, mzee."

Twiga akashusha pumzi, akarudi kwenye majani yake.

Njiani Swala alimpa Chiriku ujumbe, na Nyati naye akampa wake. Chiriku akasimama kuwasikiliza mpaka mwisho, naye akamjibu kila mmoja papo hapo kwamba ujumbe umefika. Alipotua shimoni, maji yalikuwa yametangulia. Mama Fuko alikuwa juu ya kichuguu na mtoto mmoja mdomoni. Wengine wanne hawakutoka.

Twiga alikuja, akayatazama maji kwa muda mrefu.

"Uliniambia umefika."

"Nilijua ningeufikisha tu, mzee. Sikutaka unione mzito."

Twiga akatikisa shingo polepole.

"Nina kwato nne, Chiriku. Ungesema bado, ningekuja mwenyewe kuikanyaga ardhi hii mpaka watoke wote."