Mtani wa Ukutani

Zama hizi mtu akifa huzikwa mwili tu. Sauti yake hubaki nyumbani, ndani ya kompyuta ya ukutani. Ndiyo maana Mwantumu hakuwahi kumlilia sawasawa marehemu mumewe, Masalu. Kila asubuhi alipoingia jikoni, sauti ilimpokea: "We mtumwa wangu wa Kizaramo, umelala mpaka jua linakucheka?" Naye alijibu, "Nyamaza, Msukuma mshamba wee, kachunge ng'ombe!" Walikuwa watani kabla hawajaoana, na kwa miaka thelathini hawakujua kubembelezana kwa namna nyingine.

Jumatatu kompyuta ilijisasisha yenyewe. Jumanne, sauti ile ile ikasema, "Habari za asubuhi, mke wangu mpendwa. Natumaini umelala salama."

Mwantumu aliangusha birika.

Fundi Tumsifu alikuja, akachokonoa weee, mwisho akashusha pumzi. "Mama, sasisho lina kasoro. Limedhani utani wenu ni matusi, likaufuta wote. Na toleo la zamani halirudi."

"Basi mfundishe upya."

"Nimejaribu, mama. Inakataa."

Fundi alipoondoka, Mwantumu alisimama mbele ya ukuta, akamtupia yote aliyoyajua: Msukuma mshamba, mla michembe ya viazi vikavu, mchungaji asiye na hata ndama! Kisha akasubiri kile kicheko cha Masalu cha kukohoa.

"Samahani sana," sauti ilisema kwa upole, "kama kuna jambo nimekukosea."

Masalu hakuwahi kumwomba samahani hata siku moja.

Mwantumu akatoa mkeka, akautandika sebuleni, akaketi kumlilia mumewe.