Nafasi ya Asimwe

Kila mtu aliruhusiwa kuingia hifadhini mara moja tu maishani, siku tatu, kisha basi. Kokugonza alizitumia siku zake akiwa na miezi mitano, mgongoni mwa mama yake, na hakukumbuka hata jani moja.

Wiki nzima aliliandaa gari lao la kambi. Alitandika vitanda vyake vidogo, akajaza mtungi wa gesi, akakaanga maandazi ya safari. Langoni, askari wa hifadhi alipitisha mashine usoni mwa kila mmoja. Mumewe Mujuni alikubaliwa, binti yao Kemi pia, na Asimwe, kitindamimba wa miezi minane. Kwa Kokugonza iliwaka taa nyekundu, kama alivyojua.

Alishuka na mtoto.

"Mlete basi," Mujuni alisema, akinyoosha mikono dirishani.

"Huyu anabaki na mimi."

"Koku, akikua ataingia na nani?"

"Ataingia peke yake. Lakini atakumbuka."

Mujuni alirudisha mikono ndani, akaondoa gari. Kemi alipunga mkono mpaka wakapotea kwenye kona.

Huko ndani ndege alilia, sauti ambayo Kokugonza hakuwahi kuisikia. Asimwe aligeuza kichwa, akacheka, akajirusha kuelekea lango kwa nguvu zote za mwili wake mdogo. Mama yake alimvuta kifuani. Mtoto akaanza kulia.

"Utanishukuru," alimnong'oneza, huku akimbana kuliko alivyokusudia.