Miaka Mitano, Haizidi

"Mngekuja miaka miwili iliyopita, tungeokoa hata jicho moja," daktari alisema, akazima tochi yake ndogo.

Nilimgeukia mama yangu. "Si walikwambia ufanyiwe upasuaji? Ukakataa?"

"Sikukataa. Nilisubiri."

"Ulisubiri nini, mama?"

Alitabasamu kuelekea dirishani, ingawa mimi nilikuwa nimekaa upande wa mlango.

"Jicho la mashine. Si ulisema redioni? Mtangazaji akakuuliza ni lini, ukasema miaka mitano, haizidi. Basi nikawaambia hapa wasinipeleke mbio, mwanangu ndiye anayezijua hizo mashine."

Niliikumbuka studio ile. Kazi yangu ni kutabiri teknolojia zijazo, na kwa miaka ishirini watu wameniita ili niwaambie ni lini. Siku ile sikuwa na utafiti wowote wa macho. Mtangazaji alitaka namba, kipindi kilikuwa kinaisha, nami nikataja ya kwanza iliyonijia mdomoni. Nilipotoka nilikuwa nimeshaisahau.

Daktari aliinamia faili lake, akaandika kitu ambacho hakikuhitaji kuandikwa.

Mama alinyoosha mkono, akanipapasa kifuani mpaka vidole vyake vikakutana na kifungo cha shati kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Imebaki miezi minne, sivyo?" akauliza. "Hiki usikipeleke kwa fundi. Nitakushonea mwenyewe."