Mlango wa Nyuma wa Stesheni

Jiji lilipobomoa majengo yake ya kale, kila jengo lilipewa mtu wa kulikumbuka hilo tu. Mtu huyo husimama pale pale lilipokuwa, na watalii hupitishwa kumsikiliza. Wakubwa walisema ni heshima. Stesheni ya reli alipewa mama yake Namsifu.

Huu ni mwaka wa nne, na kila Jumamosi Namsifu hukata tiketi ya matembezi, maana hakuna njia nyingine ya kumwona.

"Hii ndiyo stesheni," alisema kiongozi wa matembezi, Mwinjuma, akimwonyesha mama mtu mzima aliyesimama wima juani. "Muulizeni mnachotaka."

"Shikamoo, mama. Umekula?" Namsifu aliuliza.

"Nina milango minne," mama alijibu, macho yakimpita bintiye. "Nina saa kubwa na paa la vigae vyekundu." Akaongeza: "Na nyuma nina mlango wa bati unaokwaruza sakafu. Namsifu huusukuma kwa goti, maana mikononi ana ndoo."

Huo ulikuwa mlango wa jikoni kwao.

"Mama! Umenikumbuka!" Namsifu alipaza sauti.

Mwinjuma alimtazama, kisha akaandika jambo kwenye simu yake. "Ahsante sana, dada," alisema kwa upole. "Mimi nisingegundua. Stesheni haikuwa na mlango huo. Wakubwa watauondoa."

Jumamosi iliyofuata mama alitaja milango minne, saa na paa, akaishia hapo. Ila mkono wake ulikuwa ukipapasa hewa nyuma ya mgongo, kama wa mtu anayetafuta komeo gizani.